Alama Moja ya Goti: Ulinganisho wa Njia za Kuamua Kama Nafuu ya Tiba Ina Maana kwa Mgonjwa

Madaktari wanaoandika tasnifu zao na wauguzi wanaoanza kazi ya utafiti hapa Mbeya huniuliza swali moja kwa namna nyingi: matokeo yameonyesha kwamba kundi la tiba limepata nafuu kuliko kundi la kulinganishia, lakini je, nafuu hiyo imemfikia mgonjwa mwenyewe, au imeishia kwenye jedwali? Swali hili ni zito, kwa sababu njia za kulijibu ni nyingi, kila moja ina watetezi wake, na data zilezile zikipitishwa kwenye njia tofauti hutoa hukumu tofauti. Kwa hiyo nimeona inafaa kuchukua jaribio moja, kulipitisha kwenye kila njia, na kuangalia njia hizo zinaachana wapi na kwa nini.

Tuchukulie kwamba tumewapata wazee 200 wenye maumivu ya goti katika vijiji vya Rungwe, ambako shamba la chai au la ndizi liko mteremkoni na kanisa liko kilimani. Kwa bahati nasibu, wazee 100 wanafundishwa mazoezi ya goti mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki nane katika kituo cha afya, na 100 wengine wanapewa ushauri wa kawaida. Kila mmoja anataja maumivu yake kwa alama kuanzia 0, yaani hakuna maumivu kabisa, hadi 10, yaani maumivu makali kupita yote anayoweza kuyafikiria. Baada ya wiki nane, maumivu yamepungua kwa wastani wa alama 2 katika kundi la mazoezi na alama 1 katika kundi la ushauri, kwa hiyo tofauti kati ya makundi ni alama 1. Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi watu wanavyotofautiana wao kwa wao, ni alama 2 katika kila kundi. Waliopungukiwa na alama 2 au zaidi ni 50 katika kundi la mazoezi na 30 katika kundi la ushauri. Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya hesabu tu, lakini zinafanana kwa sura na zile zinazoletwa mezani kwangu.

Thamani ya p

Hapa sitakaa sana. Katika jaribio letu thamani ya p iko chini ya 0.001, na wengi wangeishia hapo na kuandika kwamba mazoezi yana manufaa. Thamani ya p inatuambia tu kwamba tofauti kubwa namna hii ingekuwa vigumu kutokea kwa bahati kama tiba mbili hizi zingekuwa sawa. Ukubwa wa nafuu hauko ndani yake. Kama tungekuwa na wazee 2,000 katika kila kundi, tofauti ya alama 0.2, ambayo hakuna mzee angeihisi akipanda kwenda shambani, nayo ingepita mpaka wa kawaida wa 0.05 bila shida. Njia hii haimo kwenye mashindano ninayoyaandika, na nimeitaja kwa sababu bado ndiyo inayotumiwa mahali ambapo njia nyingine ilihitajika.

Njia za mtawanyiko

Njia ya kwanza ya kweli ni ile inayopima nafuu kwa kuilinganisha na mtawanyiko wa alama zenyewe. Tunachukua tofauti ya alama 1, tunaigawa kwa mkengeuko sanifu wa 2, tunapata 0.5. Kwa vigezo vilivyoenezwa na Jacob Cohen katika kitabu chake cha mwaka 1988, 0.2 ni athari ndogo, 0.5 ni ya kati na 0.8 ni kubwa. Cohen mwenyewe aliviweka vigezo hivyo kwa tahadhari, vitumike pale ambapo mtafiti hana msingi bora zaidi, lakini tahadhari hiyo imepotea njiani. Mwaka 2003 mapitio ya Geoffrey Norman na wenzake yalionyesha kwamba, katika magonjwa sugu mengi, badiliko dogo ambalo wagonjwa huliona hukaribia nusu ya mkengeuko sanifu, na tangu hapo kanuni ya nusu imeshika mizizi. Kwa kanuni hiyo, mazoezi yetu yamefika mstarini barabara.

Sifa ya njia hii ni wepesi wake. Haihitaji kumuuliza mgonjwa swali lolote la ziada wala kumfuatilia tena, na hesabu yake inamalizika kwa dakika tano. Ila wepesi huo ndio unaonitia wasiwasi. Tukiongeza kwenye jaribio wagonjwa wa rufaa wenye magoti yaliyoharibika sana pamoja na vijana walioumia mpirani, mtawanyiko unaweza kupanda kutoka 2 hadi 3, na tofauti ileile ya alama 1 itashuka kutoka 0.5 hadi 0.33. Kwa mzee yule wa kijijini hakuna kilichobadilika gotini mwake. Waliobadilika ni watu waliowekwa naye kwenye kundi moja. Kipimo kinachoyumba kwa sababu hiyo hakiwezi kuwa ndicho cha mwisho cha kusema nafuu yake ina thamani gani.

Hata hivyo njia hii ina dada yake ambaye namheshimu, naye ni kosa sanifu la upimaji. Linatokana na swali tofauti: mtu ambaye hali yake haijabadilika akiulizwa leo na keshokutwa, majibu yake yatapishana kwa kiasi gani? Uthabiti wa kipimo, yaani jinsi majibu hayo mawili yanavyolingana kati ya 0 na 1, ukiwa 0.75, kosa hilo ni nusu kamili ya mkengeuko sanifu, na kwa jaribio letu ni alama 1. Kutokana na hilo, ili tuwe na hakika ya asilimia 95 kwamba mtu mmoja amebadilika kweli na si kwamba kipimo kimeyumba, anatakiwa awe amesogea karibu alama 2.8. Hesabu hii haisemi chochote kuhusu thamani ya nafuu, lakini inatuonya kwamba badiliko ambalo mgonjwa analithamini linaweza kuwa dogo kuliko lile ambalo kipimo chetu kinaweza kulithibitisha kwa mtu mmoja. Anayelisahau hilo atamwita mgonjwa mmoja mmoja na kumwambia kwamba amepata au hajapata nafuu, akitumia rula ambayo milimita zake zimefutika.

Njia ya nanga

Njia ya pili inaanza kwa mgonjwa. Mwaka 1989 Roman Jaeschke, Joel Singer na Gordon Guyatt wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walieleza dhana ya tofauti ndogo kabisa yenye maana kitabibu: tofauti ndogo kuliko zote ambayo mgonjwa anaiona kuwa ni ya manufaa, na ambayo, kama hakuna madhara makubwa wala gharama iliyopita kiasi, ingefaa kubadilisha matibabu yake. Utaratibu wake ni kumuuliza mgonjwa, kando ya dodoso, swali moja la jumla: ukilinganisha na siku ile ya kwanza, hali yako imekuwaje? Kisha tunawachukua wale waliosema wamepata nafuu kidogo, tunaangalia alama zao za dodoso zilisogea kwa wastani wa kiasi gani, na kiasi hicho ndicho kinachokuwa kiwango chetu. Swali lile la jumla ni nanga. Alama zinafungwa kwake ili zisielee.

Kwa alama za maumivu za 0 hadi 10, kiwango kinachonukuliwa sana kilitolewa na John Farrar na wenzake mwaka 2001, kutokana na majaribio 10 ya dawa ya pregabalin yenye wagonjwa 2,724: upungufu wa karibu alama 2, au asilimia 30 hivi, ulikwenda sambamba na wagonjwa kusema wamepata nafuu. Wanaokinukuu kiwango hiki mara nyingi huacha jambo moja. Wagonjwa waliotumika kama nanga ni wale waliojieleza kuwa wamepata nafuu kubwa au kubwa sana, wala si nafuu kidogo. Kwa hiyo alama 2 si sakafu ya nafuu. Ni kiwango cha nafuu ya kuridhisha. Nanga ikishushwa sehemu nyingine, kiwango nacho kinahama.

Sasa turudi Rungwe. Tofauti kati ya makundi yetu ni alama 1, kiwango ni alama 2, na mtafiti anaandika kwamba mazoezi hayana maana kwa mgonjwa. Nimeliona kosa hili katika rasimu nyingi kuliko kosa lingine lolote, na linastahili kukaliwa kitako. Alama 2 ni badiliko la mtu mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Alama 1 ni pengo kati ya wastani wa makundi mawili, na kundi la kulinganishia nalo limepata nafuu yake, kwa sababu ya ushauri, kwa sababu maumivu ya goti huja na kuondoka, na kwa sababu watu hujiunga na utafiti siku zao zikiwa mbaya. Ndani ya pengo hilo la alama 1 wamo wazee waliopata nafuu ya alama 4 na wamo wasiopata kitu. Kulipima pengo la wastani kwa kiwango cha mtu mmoja ni sawa na kusema kwamba mvua ya mkoa mzima haikutosha kwa sababu wastani wake haufiki kiasi kinachohitajiwa na shamba moja la mahindi, wakati nusu ya mashamba yalishiba na mengine yakakauka.

Udhaifu wa pili wa nanga uko kwenye kumbukumbu na kwenye maneno. Mgonjwa anayeulizwa alinganishe na wiki nane zilizopita mara nyingi hujibu kwa jinsi anavyojisikia leo, kwa sababu siku ile ya kwanza ameisahau. Na kwa Kiswahili chetu, neno linalotoka kwanza ni "afadhali", neno lenye kazi nyingi mno kwa kisanduku kimoja.

Namkumbuka bibi mmoja aliyekuja kutoka upande wa Tukuyu. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu," nikamuuliza goti linaendeleaje tangu siku ile tulipoonana mara ya kwanza.

"Afadhali."

"Afadhali kidogo, bibi, au afadhali sana?"

"Afadhali tu. Tunamshukuru Mungu."

Nilitakiwa kuweka alama kwenye kisanduku kimoja kati ya saba, nikaweka kwenye "afadhali kidogo". Alama zake za maumivu zilikuwa zimeshuka kutoka 7 hadi 6. Karatasi ilipokwisha kufungwa, akiwa anajifunga kanga yake ili aondoke, ndipo aliponiambia kwamba siku hizi usiku anakwenda chooni peke yake, anachuchumaa na kuinuka kwa kushika ukuta, hamwamshi tena mjukuu wake. Alilisema hilo kwa sauti ya chini, kama habari ya pembeni. Kwangu lilikuwa ndilo tokeo la utafiti wote, na halikuwa na kisanduku.

Wiki hiyohiyo alikuja baba mmoja aliyejibu "nafuu kubwa" kabla sijamaliza kuuliza, na binti yake aliyeketi nyuma yake akatikisa kichwa taratibu. Tulikuwa tumemrudishia nauli, tumempa chai, na hakutaka kutuangusha. Katika dodoso lile sisi wenyewe tulikuwa tumeweka "afadhali" na "nafuu" kama ngazi mbili tofauti, moja juu ya nyingine, na wagonjwa walizitumia kwa kubadilishana. Nanga yetu ilikuwa imezama kwenye matope. Tangu hapo sikubali maneno ya nanga yaliyotafsiriwa mezani. Nataka yajaribiwe kwanza na wagonjwa kumi hadi kumi na watano wa eneo husika, na ngazi zenyewe zisemwe kwa mambo yanayoonekana: hali ni ileile. Maumivu yamepungua ila kazi zinazonishinda ni zilezile. Kuna kazi moja au mbili zilizonirudia. Nafanya karibu kila nilichokuwa nafanya. Aidha nataka nione uhusiano kati ya nanga na alama za dodoso. Wataalamu wengi hutaka usipungue 0.3, ambapo 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kwenda pamoja barabara, na chini ya hapo nanga na dodoso vinazungumzia mambo mawili.

Kiwango cha kuazima

Wengi wa wanaoniuliza hawana fedha wala muda wa kutafuta kiwango chao, hivyo wanaazima. Sina ugomvi na kuazima, mradi mtu ajue anachokiazima. Chukua kipimo cha kutembea kwa dakika sita, kinachotumika kwa wagonjwa wa mapafu. Mwaka 1997 Donald Redelmeier na wenzake waliwakutanisha wagonjwa wa mapafu ili kila mmoja ajilinganishe na mwenzake, wakapata kwamba tofauti inayoonekana kwa wagonjwa ni karibu mita 54. Mwaka 2014 jumuiya za wataalamu wa mapafu za Ulaya na Marekani, zikikusanya tafiti za baadaye, ziliweka mita 30. Kipimo ni kilekile, viwango viwili, na mtafiti asiye makini huchagua kinachompendeza. Tena kipimo chenyewe hufanywa kwenye ukumbi tambarare wa mita 30. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgonjwa aliyepona kifua kikuu lakini mapafu yakabaki na makovu haendi sokoni kwa njia tambarare. Mita 30 za ukumbini zinaweza kuwa na thamani zaidi kwake, au kidogo zaidi, lakini haziwezi kuchukuliwa kuwa sawa mpaka ameulizwa.

Madodoso nayo ni hivyohivyo. Dodoso la afya la SF-36 lilitafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa Dar es Salaam, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 1999. Ni kazi nzuri. Dodoso hilo kwa Kiingereza humtajia mgonjwa kusukuma mashine ya kufyonza vumbi na kucheza gofu kama mifano ya kazi za wastani, na kila mtu anaona kwa nini mifano hiyo haiwezi kuvuka ilivyo. Lakini watu haohao wanaoona upungufu wa mfano wa gofu huchukua kiwango cha alama kilichopatikana kwa wagonjwa wanaocheza gofu na kukitumia Kyela bila kusita. Tafsiri ya maneno haitafsiri viwango.

Kuhesabu waliofika

Njia ya tatu ndiyo inayotibu lile kosa la kuchanganya mtu na wastani. Tunachukua kiwango cha mtu mmoja, alama 2, tunakitumia kwa mtu mmoja mmoja, kisha tunahesabu waliofika katika kila kundi. Katika jaribio letu ni 50 kwa 30. Tofauti ni watu 20 kwa kila 100, ikimaanisha kwamba kwa kila wazee watano watakaofundishwa mazoezi, mmoja zaidi atafika kiwango hicho kuliko kama wote watano wangepewa ushauri pekee. Hesabu hii ya idadi ya wanaohitaji kutibiwa ili mmoja afaidike ilipendekezwa na Andreas Laupacis, David Sackett na Robin Roberts mwaka 1988, na sijaona inayoeleweka upesi kuliko hiyo mbele ya mganga mkuu wa wilaya au kikao cha wazee wa kijiji. Tofauti ya alama 1, iliyokataliwa dakika chache zilizopita, sasa ina sura ya mzee mmoja kati ya watano.

Gharama yake ni kwamba inakata watu kwa panga. Aliyeshuka alama 2 amefika, aliyeshuka 1 hakufika, na bibi wa kanga, aliyetoka 7 hadi 6, anahesabiwa kuwa hakupata kitu. Mgawanyo ukikatwa katikati, zaidi ya theluthi moja ya taarifa zilizokuwamo kwenye alama inapotea, na mtafiti anahitaji wagonjwa wengi zaidi ili aone kilekile. Tena kiwango cha alama hakimtendei kila mtu haki: anayeanza na maumivu ya 9 anahitaji kushuka 2.7 ili afikie asilimia 30, na anayeanza na 4 anahitaji 1.2 tu. Kwa hiyo uamuzi wa kutumia alama au asilimia unabadilisha nani anahesabiwa, na unapaswa kuandikwa kabla data hazijafunguliwa. Ninachopendelea ni kuonyesha mchoro unaoeleza, kwa kila kiwango kuanzia alama 1 hadi alama 10, ni asilimia ngapi walikifikia katika kila kundi. Msomaji anaona kama mistari miwili inaachana kila mahali au pale tu mtafiti alipochagua kukata.

Kumuuliza kama inafaa usumbufu

Njia zote hizo zinanyamaza kuhusu jambo ambalo mgonjwa wa nyanda hizi hulitaja kwanza: itanigharimu nini? Njia ya nne inaliweka jambo hilo mbele. Watafiti wa Wisconsin, Marekani, waliitumia kwa tiba za mafua, na wenzao wa Australia kwa maumivu ya mgongo. Mgonjwa anaelezwa tiba kwa ukamilifu, ikiwa ni pamoja na muda, fedha na madhara yake, kisha anaulizwa: bila tiba hii, maumivu yako yangepungua kiasi fulani, ukiitumia yatapungua alama moja zaidi, je, utakuja? Akikataa, nafuu inaongezwa hatua kwa hatua mpaka akubali. Akikubali mapema, inapunguzwa mpaka akatae. Pale anapogeuka ndipo penye nafuu ndogo kabisa inayomfaa.

Uzuri mkubwa wa njia hii ni kwamba inauliza kuhusu tofauti kati ya kutibiwa na kutotibiwa, ambayo ndiyo hasa jaribio linaipima. Tofauti yetu ya alama 1 inaweza kulinganishwa na jibu lake moja kwa moja, jambo ambalo nanga haiwezi kulifanya. Na jibu linatofautiana kwa sababu za kueleweka. Mama anayeishi Tukuyu mjini, dakika kumi kutoka kituoni, anaweza kusema nusu alama inamtosha, kwa kuwa hapotezi chochote. Mwenzake wa kijiji cha juu, ambaye kila Jumanne atalipa bodaboda kwenda na kurudi na kuacha chai bila kuchumwa, anaweza kusema hata alama 2 hazimfai. Kwa vidonge vya maumivu hesabu ni nyingine tena, kwa sababu anayejua jirani yake alivyopata vidonda vya tumbo kwa kumeza diklofenaki miezi mfululizo hatapokea alama 1 kirahisi.

Jibu la namna hii lina faida ambayo sikuitarajia nilipoanza kulitumia. Likionyesha kwamba alama 1 inawafaa walio karibu na haiwafai walio mbali, linatuonyesha pia dawa yake: mazoezi yapelekwe kwenye zahanati ya kijiji, au mwalimu afuate wazee kanisani baada ya ibada. Nafuu itabaki ileile, ila gharama itashuka, na kitu kisichofaa jana kitafaa leo. Hakuna mkengeuko sanifu unaoweza kumwambia mtafiti hivyo.

Udhaifu wake ni kwamba ni swali la kufikirika, na watu hujibu kwa msimu. Ukiuliza wakati wa kupanda viazi utapata kiwango kimoja, na baada ya mavuno, fedha ikiwa mfukoni, utapata kingine. Pia inahitaji mhojaji mvumilivu anayeweza kueleza "bila tiba ungepata nafuu kiasi fulani" bila kumchanganya mtu, na nimeona wasaidizi wazuri wakishindwa hapo. Kokoto kumi kwenye kisahani, zikiondolewa moja moja mbele ya mzee, zimenisaidia kuliko mchoro wowote.

Kuchagua

Kwanza jiulize unahukumu nini. Ukitaka kujua kama mtu mmoja amepata nafuu, tumia nanga, ukiwa na hesabu ya kosa la upimaji pembeni ili usidai usichoweza kukiona. Ukitaka kueleza faida ya tiba kwa kundi, hesabu waliofika kiwango hicho na uonyeshe mchoro wa viwango vyote. Usilinganishe pengo la wastani na kiwango cha mtu mmoja. Ukiwa unapanga tiba itakayomtaka mgonjwa asafiri, alipe, ameze dawa yenye madhara au aache shamba, njia ya kumuuliza kama inafaa usumbufu ndiyo ninayoiweka juu ya zote, hata kama utaweza kuwahoji watu thelathini tu kabla ya kuanza. Njia za mtawanyiko ninaziachia kazi mbili: kukisia ukubwa wa sampuli pale ambapo hakuna kingine chochote, na kuangalia kama kiwango cha nanga hakijatoka cha ajabu.

Kuna tafiti ambazo hazimo katika chaguo hili. Jaribio la kifua kikuu la mtandao wa PanACEA, ambalo Mbeya ilikuwa miongoni mwa vituo vyake na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017, lilionyesha kwamba dawa ya rifampicin ya miligramu 35 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa ilisafisha makohozi kwa muda wa kati wa siku 48 badala ya 62 za tiba ya kawaida. Siku 14 hizo ni za maabara. Kazi yake ni kuonyesha kama tiba fupi inaweza kutarajiwa, na siyo haki kuzitafutia kiwango cha nafuu kwa mgonjwa mpaka ijulikane zinampunguzia miezi ya vidonge au zinamwachia mapafu mazima zaidi.

Na kama fedha yako inatosha kitu kimoja tu, itumie kabla ya jaribio kuanza, kijijini na si hospitalini, kuwauliza wagonjwa kumi na watano ni kazi gani moja wangependa iwarudie. Andika majibu kwa maneno yao, uyaweke kuwa ngazi za nanga yako, na kwenye dodoso uache mstari mmoja mtupu baada ya swali la mwisho, ambao msaidizi ataujaza mgonjwa akiwa tayari amesimama kuondoka.